Mlango wa Nyuma wa Pikapu ya Baba Mkwe

Jumatatu, 10 Juni

Injini imewaka. Miaka kumi na moja nimeihangaikia, na leo saa nne asubuhi imewaka. Ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikazima, ikawaka tena, ikatulia. Chevrolet ya mwaka 1951, pikapu ya baba mkwe wangu, mzee Lad Hromek. Nililia kidogo. Nikajifuta machozi kwa tambara la grisi, angalau sasa nina uso wa fundi.

Arlene, mke wangu, alitoka jikoni na unga mikononi. Akasikiliza, akasema si mbaya. Kwetu hapa Nebraska hakuna sifa ipitayo hiyo.

Furaha ilidumu dakika nne. Binti yetu Janelle anaolewa Jumamosi ya tarehe 22. Alipiga simu, mama yake akampa habari za injini, naye akasema basi picha ya harusi atapigwa amekaa kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, umeshushwa, yeye na babu yake bega kwa bega. Arlene akanigeukia. Akaniambia niutoe sasa ule mlango kwenye blanketi nililoufungia gerejini, niufunge mahali pake.

Nikasema sawa.

Ndani ya lile blanketi kuna kipande cha plaiwudi.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mlango wenyewe niliutoa miaka miwili iliyopita kwenye gulio la spea, nikapewa redio. Redio halisi ya mwaka uleule, vitufe vyake vya rangi ya maziwa, kitu cha kumtoa mtu akili. Haijasema neno tangu niilete nyumbani.

Na ule haukuwa mlango tu. Zamani kila mkulima wa hapa aliandika kwenye pikapu yake, "Fulani na Wana". Mzee Lad na mkewe Albina hawakujaliwa mtoto wa kiume. Walijaliwa Arlene, basi. Albina akachukua brashi na rangi nyeupe, akaandika kwa mkono wake: HROMEK NA BINTI. Kaunti nzima ikacheka. Albina hakufuta hata herufi moja.

Albina ameshatangulia mbele ya haki. Binti ndiye anayenipikia. Na mimi nimembadilisha kwa redio bubu. Nasikia aibu mpaka masikio yananiwasha.

Jumanne, 11 Juni

Mlango anao Verlyn Tietz. Afadhali ungekuwa kwa shetani. Verlyn ana pikapu ya aina ile ile, ya buluu, ambayo huifuta kwa nepi za watoto, na kila mwaka huondoka na zawadi ya kwanza kwenye maonyesho. Tangu gulio lile, kila tukikutana kanisani huniambia ana kitu changu gerejini, nipite siku moja. Kejeli hizo. Miaka miwili nimezimeza.

Leo nimepita. Mpango ulikuwa yeye mwenyewe anipe. Sisi hatuombi kitu cha mtu. Unasimama karibu nacho, unazungumzia mvua.

Mlango ulikuwa ukutani, umening'inizwa kwa heshima, hauna hata vumbi. Nikasimama karibu nao. Tukazungumza mvua dakika ishirini, mahindi dakika kumi. Hatimaye Verlyn akasema nikiona kitu cha kunifaa mle ndani nichukue tu, ndugu yangu. Nikasema aa, hapana, asijisumbue. Ndivyo mtu aliyelelewa hujibu. Akaniuliza kama nina hakika, hata kile cha ukutani? Nikasema hapana bwana, vyombo nilivyo navyo vinanitosha.

Hiyo ikawa mara mbili. Sasa, kila mtu anajua kwamba unakataa mara mbili na kupokea ya tatu. Kahawa ni hivyo, keki ni hivyo, hata msaada wa kuzima moto ni hivyo. Nilikuwa nimeshatoa mikono mifukoni. Verlyn akanitazama kwa muda mrefu, kama anayengoja basi. Halafu akasema, "Haya." Akauliza kama nimekula.

Ya tatu hakuisema! Nimeishi miaka hamsini na tisa, sijaona mtu akikatiza heshima katikati namna ile. Nilichanganyikiwa, nikakataa na chakula mara tatu, nikarudi nyumbani na njaa.

Ningeomba? Mama yangu angefufuka.

Jumatano, 12 Juni

Nimepata wazo jipya, na ni zuri. Mlango wa kuiga. Natafuta mlango mwingine wa pikapu ya aina hiyo, naandika HROMEK NA BINTI, nachakaza rangi, basi. Mzee Lad ana miaka tisini na mmoja na macho yameshamwacha. Arlene atakuwa na machozi. Nani atakagua?

Kuna pikapu nyekundu kwenye safu ya miti nyuma ya nyumba ya mama Ardith Kolterman. Imekaa pale tangu mwaka 1983, na mti umeota katikati ya bodi. Ukiuliza, unajibiwa haiuzwi, Harold ataitengeneza siku moja. Harold, mumewe, alikufa miaka kumi na tisa iliyopita. Lakini nani hapa ana pikapu mbovu asiyejibu hivyo? Mimi mwenyewe nimejibu hivyo miaka kumi na moja.

Kazi hii hutaka ziara tatu. Ya kwanza huigusi kabisa habari ya gari. Leo nimekunywa kahawa, nimekula pai ya cheri, nimesifu kuku.

Alhamisi, 13 Juni

Ziara ya pili. Pai tena. Nikasema, kama mtu anayeota, kwamba lile gari lao limepata kivuli kizuri. Mama Ardith akasema Harold ataitengeneza siku moja. Nikasema bila shaka.

Nimemdanganya Arlene kwamba nilikuwa kwa daktari wa meno. Ameniuliza mbona nina cheri kwenye kola.

Ijumaa, 14 Juni

Ziara ya tatu. Sikufungua mdomo. Mama Ardith akaniambia amejua ninachotaka tangu Jumatano, kwa sababu hakuna mwanaume aliyewahi kuja kusifu kuku wale, ni kuku wabaya. Mlango atanipa. Nimpakie rangi banda la kuku.

Nikakubali. Ndipo akauliza mlango ni wa pikapu ya Lad? Ule wa Albina umepatwa na nini?

Nikasema kutu.

Akasema ajabu, Albina alipaka rangi mara nne, yeye mwenyewe alimshikia kopo. Kisha akaifunika pai, akairudisha kabatini. Sikukatiwa kipande.

Nimepaka banda mchana kutwa. Kuku walinitazama.

Jumamosi, 15 Juni

Hauingii.

Ni wa mwaka 1954. Bodi ya 1954 ina kina kirefu kuliko za miaka ya nyuma, na mlango wake ni mrefu zaidi. Kila mtoto wa kaunti hii anajua. Mimi ndiye niliyetoa somo kuhusu jambo hilo kwenye chama chetu cha pikapu, kwa michoro, na watu wakapiga makofi. Nilipokuwa natoa nati kule kwenye miti nilikuwa nafikiria jinsi nilivyo mwerevu, sikupima kitu.

Nimeukata kwa grainda. Cheche zilichoma kofia yangu. Nikauchomea upya ukingo wa chini, nikausugua kwa tupa. Umenyooka kiasi, ukiinamisha kichwa kidogo.

Arlene alisimama nje ya mlango wa gereji, ambao nimeufunga kwa ndani, akauliza kelele ni za nini. Nikasema nalainisha bawaba. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Usiusumbue sana ule mlango, Duane. Ni mkono wa mama."

Nikasema naushika kama yai.

Nimekaa juu ya kopo la rangi nusu saa. Ningeweza kufungua na kumwambia. Alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Nikamsikia akiondoka, nikashukuru Mungu, halafu nikaona haya kumshukuru Mungu kwa jambo kama lile.

Jumapili, 16 Juni

Siku ya Akina Baba. Baada ya kanisa tukaenda kumwona mzee Lad kwenye nyumba ya wazee, kama kila Jumapili. Macho hana, lakini masikio yake yanasikia nyasi zikiota. Na kila Jumapili, tukishamaliza mvua na mahindi, huniuliza swali lile lile: vipi mlango wa nyuma?

Nami kila Jumapili hujibu, upo, baba, umelala kwenye blanketi.

Leo ameuliza mbele ya Arlene.

"Upo?"

"Upo, baba."

"Haya."

Kisha akapapasa droo yake, akanipa spana yake ndogo, ile aliyoitumia tangu siku ya kwanza ya gari lile, mpini umelika kwa kidole gumba chake. Akasema zawadi ya sikukuu, fundi hakosi spana yake. Arlene akatabasamu. Mimi nilitazama dirishani. Ningefurahi kama angenipiga nayo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka miwili sasa na sioni mwisho wake.

Jumatano, 19 Juni

Maandishi. Arlene yuko kanisani na akina mama, wanaoka kolachi, vimkate vitamu vya matunda, mia nne za harusi, kwa hiyo nyumba ni yangu.

Nimetumia ile picha ya zamani ya ukutani, Albina amekaa kando ya gari. Jaribio la kwanza nilianza kwa herufi kubwa za kujiamini. HROMEK NA BIN, halafu nafasi ikaisha. Nikafuta. Jaribio la pili nilianza kwa uangalifu mno, maneno yakaishia katikati ya mlango, huku upande wa kulia umebaki uwanja wa mpira. Nikafuta. La tatu limeenea. Nikalichakaza kwa msasa, chai ya rangi na udongo wa bustani.

Kutoka barabarani linapendeza. Ukikaribia linafanana na kibao cha duka linalokaribia kufungwa.

Arlene aliporudi nikamwambia nimepaka nta, pasiguswe mpaka Jumamosi, tena nimefunika turubai ili iwe zawadi. Akanibusu kwenye shavu. Akasema hakutegemea ningeufanyia mlango wa mama yake heshima yote hiyo. Nilijisikia mdogo kuliko nati.

Jumamosi, 22 Juni

Nimevua suti, nimeketi nyuma ya nyumba. Wageni bado wanaagana kule mbele. Naandika yote.

Gari lilikwenda. Maili nane kutoka nyumbani mpaka kanisani, halikukohoa. Majirani walisimama kando ya mashamba wakipunga kofia. Janelle alikaa katikati yangu na mama yake, shela mapajani, akacheka njia nzima, akasema, "Baba, umeweza." Kwa dakika kumi na tano nilikuwa baba bora katika jimbo zima.

Verlyn alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa. Alizunguka nyuma, akautazama mlango wangu. Akanitazama mimi. Akavua kofia, akaangalia viatu vyake. Afadhali angenicheka mbele ya watu wote.

Baada ya ibada, picha. Arlene akasukuma kiti cha magurudumu cha mzee Lad mpaka nyuma ya gari. Nikawahi kushika komeo ili nishushe mlango haraka, maana ukishushwa maandishi hutazama chini. Mzee akasema ningoje. Akataka kwanza kuyashika maandishi.

Akanyoosha mkono. Kidole chake kikaanza kwenye H. Kikaenda polepole. Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya mama Ardith, kwamba Albina alipaka mara nne. Herufi zake zilikuwa nene, kipofu angeweza kuzisoma. Zangu ni bapa kama karatasi. Kidole kikafika kwenye neno la mwisho, kikasimama, kikarudi mwanzo, kikatafuta tena. Kisha kikashuka mpaka ukingo wa chini nilioukata, kikagusa mahali nilipochomea.

Arlene akainama, akamuuliza, "Baba, unalia?"

Akasema ni vumbi.

Arlene naye macho yalikuwa yamejaa machozi, haoni hata hatua moja mbele. Akaweka kiganja juu ya mkono wa baba yake, juu ya herufi zangu, akasema mama angefurahi leo.

Mzee akasema, "Shusha mlango, Duane." Nikashusha. Tukampandisha. Akakaa na mjukuu wake, akatabasamu vizuri kabisa, picha ikapigwa. Mimi nilikuwa nimeshika pindo la gauni lisiguse grisi, na masikio yanawaka mpaka mpiga picha akaniuliza kama nimechomwa na jua.

Ukumbini, watu walipoanza kucheza polka, mzee akatuma niitwe. Akanikalisha karibu. Akanong'ona ili wengine wasisikie, na kwa hilo tu nitamshukuru maisha yangu yote.

Akasema Verlyn alimwendea siku ya pili baada ya lile gulio. Alikuwa ameona jina la Hromek, na kulikuwa na mtu wa mjini Omaha anaukodolea mlango macho, anataka kuugeuza benchi la baa. Verlyn akanipa redio yake ili mlango usiondoke kaunti. Akauliza aurudishe? Mzee akamwambia autundike. Autundike mpaka Duane aje aseme mwenyewe.

"Miaka miwili nakuuliza kila Jumapili," akaniambia. "Ulidhani nauliza habari za bati?"

Kolachi ilikuwa mdomoni mwangu na haikumezeka.

Akasema hanidai kitu, isipokuwa kimoja. Nimwambie Arlene. Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, kabla ya Jumapili ya wiki ijayo. Kwa sababu binti aliyeandikwa pale ni yeye. Siku Arlene atakapokwenda kuuomba, Verlyn atautoa ukutani, na si kabla.

Nikalia. Safari hii si kidogo. Nikamshika mkono nikaapa kwa kaburi la Albina. Akanipiga piga mgongoni, akasema niende nikacheze na mke wangu.

Nikacheza naye. Nikamkanyaga mara mbili. Kesho namwambia.

Alhamisi, 27 Juni

Si kwamba sijajaribu.

Jumapili alikuwa amechoka. Jumatatu nilimkalisha mezani, nikamshika mikono, nikasema, "Arlene, kuna jambo." Akaniambia niseme. Nikasema mifereji ya paa inahitaji kusafishwa. Nimeisafisha Jumanne nzima.

Jana picha ya harusi ilifika, tayari ina fremu. Ameitundika jikoni juu ya jiko. Mzee na mjukuu, na miguu ya wote wawili inaning'inia. Kila akikoroga supu anaitazama. Leo asubuhi amesema hajawahi kuwa na furaha namna hii tangu mama yake aondoke.

Sasa mtu atasemaje hapo?

Jumapili, 30 Juni

Mvua. Mahindi. Halafu Arlene akaenda kutuletea kahawa, na mzee Lad akanitafuta mkono juu ya blanketi, akaushika.

"Umemwambia?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema bado. Neno lilikuwa ulimini kabisa. Lakini uso wake ulikuwa umenielekea, ukingoja, na nikaona jinsi utakavyoanguka.

Nikasema nimemwambia, baba. Amelia kidogo, halafu amecheka, amenisamehe.

Mzee alifumba macho. Akanibana mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Akasema ameishi kuona siku hiyo. Akasema sasa mimi ni mwanawe kweli. Arlene aliporudi na vikombe akatukuta tunalia wote wawili, akauliza kuna nini, mzee akamwambia, "Nina mkwe mwema, mwanangu." Arlene akasema anajua. Ningependa sakafu ipasuke.

Lakini si uongo wa kudumu. Nimeshaufikiria vizuri. Alhamisi ni tarehe nne Julai, Siku ya Uhuru, gwaride linapita mjini, Verlyn atakuwa mstari wa mbele na pikapu yake, na hapa kwetu hakuna anayefunga gereji. Naingia, nautoa mlango wa Albina, natundika ule wangu mahali pake. Nyumbani nafunga ule wa kweli kwenye gari. Bolti chache tu. Mlango unarudi kwenye gari lake, mzee anapata haki yake, Arlene haumii, na ule uongo wa leo unakuwa kama kweli. Verlyn haoni vizuri vitu vya karibu, na akigundua hatasema. Watu wa hapa hawasemi.

Nashangaa kwa nini sikulifikiria tangu mwanzo.

Arlene amechungulia sasa hivi, ameuliza naandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia orodha ya spea.